Kuzaliwa, Malezi na Uongofu: Tunavyoisoma Peponi Tukiwa Gisenyi

Utangulizi

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise ilichapishwa mwaka 1994. Mwaka 2021 mwandishi huyo, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaitoa riwaya hiyo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mfasiri ni Dkt. Ida Hadjivayanis. Wahakiki wengi wameijadili kwa upande wa ukoloni, utumwa na biashara ya misafara. Makala haya yanaitazama kwa upande mwingine. Tunataka kuchunguza swali ambalo wanafunzi wetu huliuliza kila mada ya dini inapoingia darasani: ikiwa uongofu hutoka kwa Mungu, na hakuna mtu anayechagua nyumba ya kuzaliwa, pana haki gani katika kumlaumu aliyezaliwa mbali na uongofu huo, au kumsifu aliyezaliwa ndani yake?

Hapa Gisenyi swali hili haliulizwi kwa mchezo. Madarasa yetu yana Wakatoliki, Waprotestanti, Waadventista na Waislamu wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Waislamu wa Rwanda ni kama watu 2 katika kila 100. Wapo wanafunzi ambao mama ni wa dini moja na baba wa nyingine, na wapo walioingia dini tofauti na ile waliyolelewa nayo. Mwalimu akilikwepa swali lao, watalijibu wenyewe nje ya darasa, na majibu ya huko nje mara nyingi huwa ni ya kudharauliana.

Hoja yetu ni hii. Peponi inaivunja vizuri sana dhana ya kwamba kuzaliwa katika nyumba ya Kiislamu ndiko kuongoka. Lakini inapofika kwenye swali lenyewe la haki, inanyamaza mapema mno, kwa sababu haikumpa mhusika hata mmoja elimu ambayo Waislamu wenyewe walikuwa nayo juu ya jambo hilo.

Riwaya kwa ufupi

Kwa wale ambao hawajaisoma, Yusuf ni mtoto wa miaka 12 anayeishi na wazazi wake katika mji mdogo wa bara. Baba yake anadaiwa na tajiri wa pwani, Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita ami. Siku moja Yusuf anaondoka na Aziz kwa gari moshi, naye hajui kwamba amewekwa rehani kwa ajili ya deni. Pwani anamkuta Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani, ambaye anamfundisha kazi ya duka na kumwambia wazi kwamba Aziz si ami yake. Baadaye Yusuf anaachwa kwa mfanyabiashara Hamid Suleiman katika mji ulio chini ya mlima, kisha anachukuliwa katika msafara mkubwa unaovuka Ziwa Tanganyika hadi mji wa mtawala aitwaye Chatu. Msafara unapata hasara kubwa. Yusuf anarudi pwani, anaingia katika mambo mazito ya nyumba ya Aziz, na mwishoni, wakati Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia inaanza, anakimbia kuwafuata askari wa Kijerumani.

Jina la mhusika halikuchaguliwa ovyo. Sura ya 12 ya Kurani inasimulia habari za Nabii Yusuf, mtoto aliyetenganishwa na baba yake na kuuzwa ugenini. Tofauti ni kwamba Nabii Yusuf anauzwa na watu huku mkono wa Mungu ukimwongoza mpaka mwisho, na yeye mwenyewe anaujua uongofu huo. Yusuf wa Gurnah ana ndoto pia, lakini zinamtisha tu. Hakuna anayemfasiria.

Mtoto asiyejua kusoma msahafu

Tukio muhimu zaidi kwa mada yetu linatokea nyumbani kwa Hamid, katika mwezi wa Ramadhani. Inagunduliwa kwamba Yusuf hajui kusoma Kurani. Hamid na mkewe Maimuna wanashtuka. Kwao ni aibu kubwa, karibu sawa na kumkuta kijana hana nguo. Yusuf anapelekwa chuoni kukaa na watoto wadogo kuliko yeye, nao wanamcheka.

Tusome tukio hili polepole, kwa kuwa wanafunzi wengi hulipita haraka. Yusuf amezaliwa Mwislamu na ana jina la Nabii. Amelelewa na Mwislamu na kutumikishwa na Mwislamu ambaye watu wote wanamsifu kwa adabu na ibada. Amepitia mikono ya watu wazima kadhaa, kila mmoja akiwa na nafasi ya kumpeleka chuoni. Baba yake alimweka rehani. Aziz alimtia dukani. Hakuna aliyeona kwamba mtoto ana haki ya kufundishwa. Na pale upungufu unapofichuka, lawama na aibu vinamwangukia mtoto. Hakuna anayeuliza ni nani aliyepaswa kumfundisha.

Waswahili wana methali nyingi za malezi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, samaki mkunje angali mbichi. Katika methali hizi mlezi ndiye mtendaji, mtoto hutendewa. Nyumbani kwa Hamid mambo yamegeuzwa. Mtendewa ndiye anayehojiwa. Mwandishi hahubiri wala haelezi; anatuonyesha tu nyuso za watu. Hapo ndipo ufundi wake ulipo. Swali kubwa la haki ya kuzaliwa ameliweka ndani ya jambo dogo la nyumbani ambalo kila mwalimu amewahi kuliona: mwanafunzi anachekwa kwa kutojua kitu ambacho hakuna aliyemfundisha.

Jambo la pili katika tukio hili ni kwamba Yusuf akishafundishwa anashika haraka na kupenda. Kwa hiyo tatizo halikuwa la moyo wake. Tunaona tofauti kati ya malezi na uongofu. Malezi ni kazi ya watu, na watu wanaweza kuyatoa au kuyanyima. Uongofu, kwa itikadi ya Kiislamu, ni wa Mungu. Anayevichanganya viwili hivi hujisifu kwa alichopewa na kumlaumu mwenzake kwa alichonyimwa.

Walioongoka na "washenzi"

Katika riwaya, watu wa pwani wanawaita watu wa bara washenzi. Neno hilo limo hata katika matini ya Kiingereza, kwa Kiswahili vilevile. Sababu wanayoitoa ni ya kidini: watu hao hawamjui Mungu na wanaabudu mizimu ya miti na mawe. Wanaosema hivyo ndio wanaochukua watoto wa watu kwa ajili ya madeni.

Tuwatazame wahusika watatu. Wa kwanza ni Aziz. Mwandishi hakumchora kama katili. Ni mpole, anaswali, ana maneno mazuri, na anauamini utaratibu wake wa rehani kama jambo la kawaida la biashara. Huyu amezaliwa na kulelewa katika dini, lakini dini hiyo haikumfanya aone kwamba mtoto wa mtu si mali.

Wa pili ni Mzee Hamdani, mtunza bustani wa Aziz. Alikuwa mtumwa, na alipotolewa katika utumwa hakwenda popote. Anavyoona yeye, waliojidai kumpa uhuru hawakuwa nao huo uhuru, hivyo hawakuwa na cha kumpa. Mtu huyu aliyezaliwa chini kabisa ndiye anayeelewa kuliko wote kwamba kuna kitu ndani ya binadamu ambacho hakimilikiwi na binadamu mwenzake. Kama tunatafuta mwongofu katika riwaya, tunaweza kuanza na yeye.

Wa tatu ni Chatu, mtawala wa mji ulio ng'ambo ya ziwa. Msafara unamwona kama mshenzi na mnyang'anyi, maana anawashambulia na kuwapokonya mali. Lakini Chatu anapozungumza kwa kupitia mkalimani, tunajua kwamba mfanyabiashara mwingine aliyewatangulia alimdhulumu, na kwamba watu wa namna yao ndio waliomletea balaa. Yeye hajui sheria ya Kiislamu hata kidogo. Anachodai ni kitu ambacho sheria hiyo inakiamrisha: mali ya mtu irudishwe, na ahadi itimizwe.

Swali linaloachwa bila jibu

Mjadala wa wazi kuhusu dini unafanyika baina ya Hamid, rafiki yake Hussein, mtawa kutoka Zanzibar, na Kalasinga, fundi wa magari ambaye ni Kalasinga kwa dini pia, yaani Singasinga. Wanabishana kuhusu pepo na moto, na Kalasinga anataniwa kwa ukafiri wake. Naye anasema anataka kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, ili Waislamu waone jinsi Mungu wanayemwabudu alivyo mkali.

Mwanafunzi wa Kiswahili ataona hapa mwangwi wa historia. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Zanzibar. Mwaka 1953 ikafuata ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya, na mwaka 1969 ikatoka kamili ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ambayo ilienea sana. Kwa hiyo wazo la Kalasinga la kwamba mtu wa nje ndiye atakayewafasiria Waislamu kitabu chao halikuwa kichekesho tu.

Lakini mjadala wenyewe unaishia kwenye utani. Hakuna anayeuliza: Kalasinga aliyezaliwa Singasinga, akalelewa Singasinga, ana kosa gani? Na kama ana kosa, Hamid ana sifa gani? Hapa ndipo tunapoona kasoro ya riwaya.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijua swali hili tangu zamani. Inasimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyeishi katika karne za 9 na 10, alimuuliza mwalimu wake al-Jubbai kuhusu ndugu watatu: mmoja alikufa akiwa mwema, mmoja akiwa kafiri, na mmoja akiwa mtoto. Mtoto akilalamika kwamba hakupewa muda wa kutenda mema, ataambiwa kwamba Mungu alijua angekua angeasi, hivyo akamhurumia kwa kumfisha mapema. Je, yule kafiri naye asilalamike kwamba hakufishwa utotoni? Inasemekana mwalimu alikosa jibu. Kisa hiki kinasimuliwa mpaka leo kwa sababu kinakataa majibu mepesi.

Zaidi ya hapo, Surat al-Israi, aya ya 15, inabeba maana ya kwamba Mungu hawaadhibu watu kabla ya kuwapelekea mjumbe. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim inafundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika umbile safi, fitra, na wazazi wake ndio wanaomwelekeza kwenye dini hii au ile. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwagawa wasio Waislamu katika mafungu matatu. Wapo ambao habari za Mtume hazikuwafikia kabisa. Wapo walioishi karibu na Waislamu, wakaujua ukweli wake, wakaukataa kwa ukaidi. Na wapo walio kati, ambao walisikia jina tu likiwa limeambatana na uzushi. Ghazali aliona kwamba fungu la kwanza na la tatu wana udhuru.

Fungu hilo la tatu linatuhusu sana tunapoisoma Peponi. Watu wa Chatu walisikia nini kuhusu Uislamu? Walisikia kwa mfanyabiashara aliyewadhulumu na kwa wapagazi waliokuja na bunduki. Kwa kipimo cha Ghazali, hao wana udhuru, na anayepaswa kuogopa hesabu ni yule aliyewafikishia dini ikiwa katika sura hiyo. Jibu hili lingeitikisa riwaya nzima, kwa sababu lingetoka ndani ya dini ya wahusika wenyewe. Lingemhukumu Aziz kwa kitabu chake.

Mtu anaweza kutupinga kwamba mwandishi wa riwaya si mwanachuoni, na kwamba wafanyabiashara wa mji mdogo wasingeyajua hayo. Pingamizi hili lina nguvu kwa Hamid. Kwa Hussein halina nguvu sana. Yeye anatoka Zanzibar, na Zanzibar ya wakati huo ilikuwa na wanazuoni wakubwa kama Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, wote waliofariki mwaka 1925. Mtu aliyejitenga ili atafakari mambo ya Mungu, akiwa ametoka katika mji wa namna hiyo, angeweza kupewa walau sentensi mbili za kuwajibu wenzake. Mwandishi hakumpa. Matokeo yake ni kwamba msomaji anaweza kudhani Uislamu wa pwani haukuwa na neno juu ya dhuluma ya kuzaliwa, jambo ambalo si kweli.

Tukiisoma kutoka upande wa bara

Sisi tunaosoma Gisenyi tumekaa upande ambao msafara wa Aziz ungeuita wa washenzi. Kihistoria, misafara ya pwani haikuweza kujipenyeza Rwanda kama ilivyofanya Manyema, kwa sababu ya nguvu za utawala wa Mwami Kigeri wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895. Uislamu na Kiswahili viliingia kwa kishindo zaidi wakati wa Wajerumani, pamoja na askari, wapagazi, makarani na wachuuzi. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, Kigali, ulijengwa mwaka 1913.

Hapa ukurasa wa mwisho wa riwaya unapata maana mpya. Yusuf anapokimbia kuwafuata askari, wasomaji wengi huona mwisho wa habari. Kwa Mnyarwanda huo unaweza kuwa mwanzo. Watu wa aina ya Yusuf, waliotolewa makwao, wenye Kiswahili na wenye dini waliyofundishwa nusunusu, ndio waliokuwa miongoni mwa Waislamu wa kwanza kuonekana katika vituo vya Wajerumani nchini, Gisenyi ikiwemo. Uongofu, kwa wanaouamini, ulifika huku ukiwa mikononi mwa watu ambao hakuna aliyejali kuwafundisha.

Kisha mambo yakageuka. Mwanahistoria José Kagabo, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Uislamu na Waswahili wa Rwanda, ameonyesha jinsi watu hao walivyotengwa wakati wa Wabelgiji katika mitaa yao. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu aliona elimu ikimpita. Neno umuswahili katika Kinyarwanda likabeba maana ya Mwislamu, na pia ya mtu mjanja asiyeaminika. Pwani, aliyezaliwa nje ya Uislamu ndiye aliyeitwa mshenzi. Hapa, aliyezaliwa ndani yake ndiye aliyedharauliwa. Kilichobadilika ni mwenye nguvu tu. Dharau ilikuwa ileile, na kila upande uliamini kwamba ni Mungu aliyepanga hivyo.

Nchi yetu inajua gharama ya kumhukumu mtu kwa alikozaliwa. Tangu miaka ya 1930 kabila liliandikwa katika vitambulisho, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho hicho kiliamua nani aishi na nani afe. Watafiti wameandika kwamba Waislamu wengi waliwaficha majirani zao, ingawa wapo pia walioshiriki katika mauaji. Baada ya hapo Wanyarwanda wengi waliingia Uislamu, na baadhi yao walieleza kwamba sababu ni matendo waliyoyaona kwa majirani. Hawakuzaliwa humo. Njia waliyoipata ilipita kwa jirani aliyefungua mlango.

Hitimisho na maswali ya darasani

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na wanafunzi wetu wa mpakani wanakisikia kila siku kutoka Goma. Kazi yetu sasa ni kuwapa vitabu vinavyostahili lugha hiyo. Peponi ni kimojawapo. Tunapendekeza isomwe bila kuogopa mada ya dini, kwa masharti mawili. Kwanza, mwalimu asiigeuze kuwa hukumu juu ya Waislamu, kwa maana riwaya inahukumu tabia za watu, na vigezo vya kuwahukumia vimo katika dini yao wenyewe. Pili, mwalimu asilikate swali la mwanafunzi kwa kusema kwamba ni majaaliwa. Yusuf hakuwekwa rehani na majaaliwa. Aliwekwa na baba yake, akapokewa na Aziz.

Walimu wanaweza kuanza na maswali haya:

1. Nyumbani kwa Hamid, nani alistahili aibu aliyopewa Yusuf? Toa ushahidi kutoka katika riwaya.

2. Linganisha madai ya Chatu na mwenendo wa msafara. Nani kati yao anaijua haki, na ameijulia wapi?

3. Ungepewa nafasi ya kumwandikia Hussein sentensi mbili za kumjibu Kalasinga, angesema nini?

4. Neno "mshenzi" la pwani na neno "umuswahili" la Kinyarwanda yanafanana wapi, na yanatofautiana wapi?

Swali la tatu ndilo tunalolipendelea. Mwanafunzi Mkristo akimwandikia Hussein jibu, na Mwislamu akimwandikia Kalasinga, kila mmoja atalazimika kufikiri akiwa ndani ya nyumba ambayo hakuzaliwa. Wasomaji watakaolijaribu swali hili madarasani mwao wanakaribishwa kututumia majibu ya wanafunzi kwa ajili ya toleo lijalo.